Nilivyoizoea poka ya karata tatu

Ukikaa kwenye meza ya poka ya karata tatu, utaona mbele yako alama tatu za kuwekea pesa, na kwa haraka utadhani ni mchezo mmoja wenye madau matatu. Kumbe ni michezo miwili. Mmoja unashindana na mgawaji: unaweka ante, yaani dau la kwanza kabla ya kuona karata, halafu ukiridhika na karata zako unaongeza dau la kucheza. Wa pili, Pair Plus, hauna habari na mgawaji. Unalipwa kwa ulichoshika tu. Derek Webb, Mwingereza aliyeubuni mwaka wa 1994, aliiweka yote miwili chini ya ugawaji mmoja. Mimi nilianza kuuelewa nilipoitenganisha.

Mwalimu wangu alikuwa binamu aliyewahi kugawa karata kwenye kasino Nairobi. Alipokuja likizo nyumbani Kondele, hapa Kisumu, tulikaa sebuleni na vifuniko vya soda badala ya pesa, na Pair Plus akaipiga marufuku kabisa mpaka niweze kucheza ante bila kufikiri. Mimi nilikuwa na tabia zote za poka yetu ya mtaani, ile ya kumaliza karata mkononi na kupiga kelele "niko kadi!" Nilikuwa namkodolea macho nikitafuta dalili. Akacheka. "Omera, uso wangu wa nini? Mimi sina uamuzi wowote hapa."

Na kweli hana. Kila mmoja anapewa karata tatu. Wewe unatazama zako, kisha ama unaziweka chini na ante yako inakwenda, ama unaongeza dau sawa na ante. Mgawaji anafunua zake. Asipokuwa na malkia au zaidi, anahesabiwa kwamba hajafuzu: ante yako inalipwa kiasi sawa nayo na lile dau la pili unarudishiwa. Akifuzu, mnalinganisha. Ukimshinda unalipwa yote mawili, akikushinda anachukua yote mawili. Kumtisha hakusaidii kitu, hata ukikunja uso namna gani.

Kilichonichelewesha ni mpangilio wa nguvu. Kwenye poka ya karata tano, karata za aina moja, tuseme zote kopa, hushinda mfululizo kama 7-8-9 wa aina mchanganyiko. Hapa ni kinyume, na si ukaidi wa kasino. Karata 52 zinatoa mikono 22,100 ya karata tatu tatu. Kati ya hiyo, ya aina moja ni 1,096, ya mfululizo ni 720. Tatu zinazofanana ni 52 tu, na mfululizo wa aina moja ni 48, ndiyo maana unakaa juu kabisa. Jozi ni 3,744. Iliyobaki, 16,440, haina kitu ila ukubwa wa karata. Yaani karibu mara tatu kati ya nne utashika takataka, na mchezo wote ni kujua takataka gani ya kuendelea nayo.

Mpaka wenyewe ni malkia, sita na nne. Ukiwa nazo au zaidi, cheza. Chini ya hapo, weka chini. Unalinganisha karata kubwa kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Malkia-7-2 inachezwa. Malkia-6-3 inawekwa chini, ingawa inauma. Mfalme yeyote anachezwa, hata akiwa na 3 na 2.

Sikukubali mpaka nikapiga hesabu. Mgawaji hufuzu takriban mara 70 kati ya 100. Chukua mkono ambao kubwa yake ni jeki, usio na jozi wala kitu. Huo hauwezi kumshinda mgawaji aliyefuzu hata siku moja. Ukiucheza mara 100, utapata vifuniko 30 pale asipofuzu, na utapoteza viwili viwili mara 70, yaani 140. Umebaki chini kwa 110. Ungeuweka chini kila mara, ungepoteza 100. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo hiyo hiyo kasino inaishi nayo. Anayengoja jozi ndipo acheze anaumia upande wa pili, na nimewaona wengi wa namna hiyo.

Pair Plus nayo ni suala la kusoma kibao cha malipo kabla hujakaa. Kwa kawaida jozi inalipa dau lako mara 1, mfululizo mara 6, tatu sawa 30, mfululizo wa aina moja 40. Tazama karata za aina moja zinalipa ngapi. Ikiwa 4, nyumba, yaani kasino, inabaki na kama 2.3 kwa kila mia unayoweka. Ikiwa 3, inaruka hadi 7.3. Kwenye ante, ukishika ule mpaka, nyumba inabaki na kama 3.4 kwa kila mia ya ante.

Kwa hiyo nilipoenda kwenye kasino halisi hapa Kisumu, nilibeba noti za kiasi ambacho ningekula nacho samaki Dunga na watu wangu, simu yenye M-Pesa nikaiacha nyumbani. Kibao kilisema 3. Sikugusa Pair Plus. Wale vijana wa pata potea wa stendi huficha karata. Hapa kila kitu kiko wazi, umepewa mpaka hesabu, na bado nyumba inakula. Nilicheza taratibu jioni nzima, nikatoka na pungufu kidogo ya nilizoingia nazo, bei ya soda nilizokunywa hivi.

Sikuona haja ya kurudi. Vifuniko bado vipo sebuleni, shangazi ndiye mgawaji Jumapili, na Pair Plus yetu inalipa 4 kwa aina moja, maana kibao nimekiandika mwenyewe.