Bundi mwenye miwani

Mjomba alikuwa anafanya kazi ya rumu kwa hoteli moja Malindi, na Wataliano wakiondoka wanaacha vitu kibao, ndara, mafuta ya jua, siku hiyo akaja na kitabu cha watoto cha mapicha ya ndege, makaratasi mazito, maneno machache tu chini, Kitaliano kitupu.

Baada ya isha tukamzunguka, nyanya yuko kwa mkeka anasuka ukili. Sasa Kitaliano cha mjomba ni cha salamu na bei na chakula, kwa ndege kikamuishia, lakini hakubali kushindwa bana, anatazama picha anatunga. Kandege ka kifua chekundu kwa theluji, eti kameparurwa na paka hiyo ni damu. Pengwini akasema bata wa harusini.

Kufika kwa heroe nyanya akaweka ukili chini. "Hawa nawajua, si ndio wale wa mtoni Sabaki pale unapoingia baharini. Lakini huyu mchoraji muongo, wadogo hawana wekundu huo, huwa kijivu." Na alikuwa sawa, nilikuja kujua ukubwani kwamba ile rangi wanaitoa kwa chakula, vijidudu na mimea ya majini, mtoto bado hajala vya kutosha.

Ukurasa wa pili yake, bundi! Kavaa miwani anasomesha vindege.

"Audhubillahi! Bundi ndani ya nyumba yangu?"

"Mama, huko kwao huyu ndio mwenye akili. Na hapo tu msitu wa Sokoke kuna kabundi kadogo, wazungu wanatoka makwao wanalipa mtu awaonyeshe." (Hiyo ni kweli, hakafiki hata sentimita 20.)

"Na walipe. Mimi hata nilipwe simtaki."

Nikatumwa jikoni nikoroge uji wa ngano, nyanya akabandika zile kurasa mbili kwa mkono wake, ndege wa upande wa pili naye akaenda bure, masikini, sijui hata alikuwa nani. Lakini uji na mende unajua mambo yao, haikupita siku nyingi pembe zikaliwa ukurasa ukaachia, ukichungulia unaona jicho moja na miwani. Binamu yangu akafanya biashara, kuchungulia ni peremende moja, na watoto wa mtaa walilipa wallahi.

Nyanya sijui aligundua, maana hakusema kitu. Ila alimwambia mjomba akiokota kingine alete cha samaki.