Siku moja maishani mwangu: afisa misitu wa halmashauri, msimu wa makisio

Wengi wakisikia "afisa misitu" wanamwona mtu wa gwanda la kijani na bunduki begani. Hao ni wenzetu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wanaosimamia misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu. Mimi ni wa halmashauri, katika wilaya moja ya Mkoa wa Lindi ambayo sitaitaja kwa sababu bado nafanya kazi huko. Vitendea kazi vyangu ni tepu, rejesta na pikipiki. Na misitu inayonichukulia muda mwingi si ya Serikali Kuu wala ya halmashauri. Ni ya vijiji. Karibu nusu ya misitu yote ya Tanzania Bara imo kwenye ardhi ya vijiji, jambo ambalo hata baadhi ya madiwani hushangaa wakilisikia.

Siku ninayoisimulia ni Jumanne ya Novemba. Mvua bado, korosho zinaanguka, na halmashauri imeanza kuandaa bajeti.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Ujumbe kwenye kundi la wakuu wa idara na vitengo: "Makisio ya mapato ya ndani yawasilishwe leo kabla ya saa kumi jioni. Hakuna nyongeza ya muda." Chini yake vidole gumba kumi na kitu. Nikaweka cha kwangu, nikaenda kuoga.

Saa moja na nusu asubuhi

Fomu ya makisio ina safu tatu: tulichokisia mwaka huu, tulichokusanya hadi sasa, na tutakachokisia mwaka ujao. Kwenye mstari wa mazao ya misitu, safu ya tatu nilikuta imeshajazwa. Imeongezwa asilimia kumi.

"Hii kumi imetoka wapi?" nikamuuliza kijana wa mipango.

"Maelekezo, madam. Vyanzo vyote vimepanda kumi."

Vyanzo vyote, yaani stendi, machinjio, vibanda vya soko na misitu. Stendi naielewa, mabasi yanaweza kuongezeka. Mimi nimekulia Njombe kwenye miti ya kupandwa, na hata huko mambo yana mwendo wake: paini unaipanda mtoto akiwa tumboni, unaivuna akiwa sekondari. Mpingo wa huku kusini unahitaji miaka sabini, wakati mwingine mia, kufikia unene wa kukatwa. Hausikii maelekezo.

Najua yanakotoka lakini. Bajeti ya halmashauri kama yetu inasimama juu ya ushuru wa korosho na ufuta. Mwaka ambao korosho imekuwa haba, au bei ya mnada imeshuka, watu wa fedha huanza kunisalimia kwa uchangamfu na kuulizia magogo. Sioni ubaya mtu wa fedha akitafuta fedha. Ninachokataa ni mpangilio wenyewe: tarakimu inaandikwa mezani kwanza, halafu msitu unatafutwa uitimize. Inapaswa kuanzia msituni ndipo ije mezani.

Nikamwambia nitaijaza mwenyewe nikitoka kijijini. Akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi.

Saa mbili na nusu

Njia ya kwenda kijijini ni vumbi tupu. Pande zote ni mikorosho, akina mama wameinama wakiokota, watoto mabibo yanawachuruzika mpaka viwiko.

Barabara hizi zina historia yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lori lililobeba magogo kutoka kusini lilisubiri kivuko cha mto Rufiji, na masika njia ilikatika kabisa. Daraja liliisogeza Dar es Salaam karibu na wagonjwa, wanafunzi na wakulima. Likaisogeza vilevile karibu na wafanyabiashara wa magogo. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu biashara hiyo ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa miti inayokatwa, yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Hiyo ni miti iliyokatwa, ikapakiwa, ikapita mbele ya macho ya serikali, na serikali ikabaki na makombo. Kijiji hata makombo hakikuyaona.

Dawa ilikuwepo kwenye vitabu vya sheria muda wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuweka mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha kuuza mti kwa bei yake na kubaki na fedha. Kilwa walitangulia kuonyesha kwamba inawezekana: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, kwa misitu yao ya asili, vya kwanza Afrika kwa misitu inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Wale wanaopuliza klarineti Ulaya, ambazo hutengenezwa kwa mpingo, walianza kuulizia mpingo wenye karatasi.

Saa nne na nusu, msituni

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Nilimkuta katibu wa Kamati ya Maliasili ya Kijiji na wenzake wanne, pamoja na msimamizi wa mnunuzi aliyetoka Dar. Magogo ya mninga yamelazwa kando ya njia ya lori, kila moja na namba ya rangi kwenye ncha. Msimamizi ameshapima na kuandika. Kaandika haraka sana, na mwandiko wake ni mzuri.

Nikachukua gogo moja la mfano. Urefu mita 2.2, hapo hatuna ugomvi. Kipenyo kaandika sentimita 40. Nikazunguka upande wa pili nikaweka tepu: 48.

"Kaka, umepima ncha nyembamba peke yake."

"Dada yangu, ndivyo tunavyopima kila mahali. Hata Tunduru."

"Hapa tunapima ncha zote mbili, tunachukua wastani."

Wastani ni 44. Mtu atasema sentimita nne ni nini. Lakini ujazo wa gogo unafuata kipenyo kikizidishwa kwa kipenyo, kwa hiyo sentimita nne hazibaki nne. Kwa 40 gogo lile ni mita za ujazo 0.276. Kwa 44 ni 0.335. Tofauti ni asilimia 21. Ukilipia magogo matano unaondoka na sita, na hakuna aliyeiba chochote. Kuna mtu tu hakuzunguka upande wa pili.

Katibu wa kamati, kijana aliyeishia darasa la saba, alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo kwenye simu yake kabla yangu. Akamwonyesha msimamizi kioo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, "Nyundo inayo kamati, kaka. Bila vipimo sahihi haigongi."

Nyundo anayoisema ndiyo inayogonga alama ya kijiji kwenye gogo. Gogo lisilo na alama hiyo halipati hati ya kusafirishia, na likikutwa kwenye geti bila hati ni mali ya magendo. Msimamizi akacheka, akavua koti, tukaanza kupima upya yote, jua la saa tano likitupiga utosini. Alikuwa mtu mzuri tu baada ya hapo. Alitugawia maji yake.

Tukimaliza magogo tunakwenda kwenye visiki. Kila kisiki kina namba inayopaswa kulingana na ya gogo lake, na hapo ndipo unapojua kama mti umetoka ndani ya eneo la kukata la mwaka huu au umeletwa kutoka kwingine kwa giza. Siku hiyo vya mninga vililingana vyote. Ila pembeni, kama hatua thelathini kutoka njiani, tulikuta kisiki cha mpingo kisicho na namba, chembamba, sentimita 19. Mpingo hauruhusiwi kukatwa chini ya 24. Kilikuwa bado kibichi. Katibu akachuchumaa, akakiangalia kwa muda mrefu, akakiandika kwenye rejesta na hakusema ni nani anamdhania. Sikumuuliza mbele ya watu.

Saa saba

Bada, ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi kwa mjumbe wa kamati. Mimi mtu wa ugali wa mahindi, lakini nimezoea.

Saa nane mchana, mkutano mkuu wa kijiji

Uliitishwa saa saba, ukaanza saa nane na dakika zake, kwa sababu msimu wa korosho hakuna anayeacha shamba mapema. Akidi ilipotimia mtendaji akasoma mapato na matumizi: fedha iliyotokana na mbao, ilivyotumika kwa madawati, malipo ya doria, sehemu iliyopelekwa halmashauri kwa makubaliano, na salio. Watu husikiliza taarifa ya fedha ya msitu kuliko taarifa nyingine yoyote niliyowahi kuiona ikisomwa. Mzee mmoja alimrudisha mtendaji nyuma mara mbili kwa sababu ya posho ya kikao.

Ndipo ikaja barua ya mnunuzi mwingine. Anataka mpingo mara mbili ya kiwango cha kukata kwa mwaka, na yuko tayari kulipa mapema. Zahanati ya kijiji ina kuta, haina paa. Kila mtu pale alijua kwamba fedha hiyo ndiyo paa.

Kijana mmoja akasimama. "Mama Misitu, wewe unasema mpingo unakua miaka mia. Mimi sina miaka mia. Na huu tunaouhifadhi kuna watu wanaukata usiku, leo mmekiona kisiki. Si bora tuuze wenyewe?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa ofisini. Nikampa ninachokijua: tathmini ya msitu ilihesabu miti ya unene gani iko mingapi, kiwango cha mwaka kimetokana na hesabu hiyo, na wakikata mara mbili mwaka huu, miaka ya mwisho ya mpango watakuwa na msitu wa fito. Nikasema vilevile kwamba uamuzi si wangu. Afisa wa wilaya akianza kuamua badala ya mkutano, siku anayokuja afisa mwingine mwenye tamaa naye ataamua badala ya mkutano.

Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele akaomba nafasi bila kusimama. "Baba yao hawa alikatisha mpingo hapo bondeni, lori zima. Tukaletewa sukari. Sukari tulikunywa mwezi mmoja." Akamgeukia yule kijana. "Mwanangu, paa utaliezeka. Mlinzi wa hiyo zahanati mwaka kesho utamlipa na nini?"

Watu wakacheka, kijana naye akacheka, lakini hakukaa. Akajibu kwamba basi bei ipandishwe. Kama hatuuzi zaidi, tuuze ghali. Hapo mkutano ukachangamka. Mjadala wa bei ulichukua muda mrefu kuliko wa kiwango, na sikufungua mdomo. Wakanyoosha mikono: kiwango kibaki kilivyo, bei ya mita ya ujazo ipande, mnunuzi aandikiwe, na kama hataki atafutwe mwingine. Paa lianze upande wa chumba cha wajawazito.

Ajenda ya mifugo ikaahirishwa, kama kawaida. Tangu ng'ombe waondolewe bonde la Usangu mwaka 2006 na wafugaji wengi kuelekezwa mikoa ya kusini, hakuna mkutano usioigusa, na hakuna unaoimaliza.

Saa kumi na robo jioni

Mtandao unapatikana juu ya kilima kilichopo njia ya kurudi. Nilisimamisha pikipiki hapo, nikakokotoa: kiwango cha mpango wa msitu, mara bei mpya, mara sehemu ya halmashauri. Nikafanya hivyo kwa kila kijiji chenye mpango hai. Jumla ilikuwa chini ya ile asilimia kumi yao, ingawa bei ya kijiji kile imepanda. Nikaipiga picha karatasi, nikaituma. Dakika tatu baadaye simu ikaita.

"Madam, umeshusha."

"Sijashusha. Nimeandika kilichopo."

"Wenzako wote wamepandisha kumi. Mkurugenzi ataniuliza mimi."

"Mwambie Alhamisi kwenye Kamati ya Fedha nitakuja na rejesta, pamoja na muhtasari wa mkutano wa kijiji uliosainiwa. Na mwenyekiti wa kijiji nimemwomba aje, kama mtampatia nafasi kwenye gari la tarafa."

Kimya kidogo. Nilimsikia akibofya kompyuta.

"Gari la tarafa lina nafasi," akasema. "Ila njoo na nakala za kutosha. Madiwani hawapendi kuangaliziana karatasi."

Wino wa mashine ya kitengo changu umekwisha tangu Septemba. Kabla sijawasha pikipiki nikampigia dada wa masijala wa Elimu Msingi kumwomba mashine yake kesho asubuhi. Akakubali, kwa sharti la kilo ya korosho za kubangua.