Mifuko ya upepo kwenye Hilux: robo inchi si robo inchi

Hatimaye mfuko wa upepo wa upande wa kulia umeacha kuvuja. Gari limesimama siku 9, valvu zimefungwa, kompresa haijaguswa: kushoto psi 60, kulia psi 59. Kabla ya hapo kulia kulikuwa kunashuka hadi psi 10 kila alfajiri, na nyuma ya gari inalala upande kama mzee anayesinzia barazani. Kufunga breketi na kupitisha waya mnajua, sirudii. Leo ni habari ya kuvuja tu.

Kwa anayeanzia hapa: Hilux Vigo ya milango minne, springi za nyuma zimebaki kama zilivyo, mifuko miwili ya kusaidia imekaa palipokuwa na stopa za mpira juu ya ekseli. Tangi lita 19, kompresa ya volti 12 inayovuta karibu ampea 20 (fyuzi 30, rilei 40), inajizima ikifika psi 150. Kila mfuko una laini yake na geji yake. Usiziunganishe laini hizo kwa kiungo cha T ili kuokoa paipu. Ukikata kona, upepo wa upande uliobanwa unakimbilia upande wa pili, na gari linalala zaidi badala ya kusimama.

Sasa tuje kwenye nipo, kile kiungo kifupi chenye thredi kinachofungwa kwenye tundu la mfuko. Mifuko hii imetoka Marekani na tundu lake ni robo NPT, thredi ya bomba ya Wamarekani. Ukienda Gerezani au Kariakoo ukasema "nipo ya robo", mara nyingi utapewa robo BSP, thredi ya Waingereza, ambayo ndiyo imejaa kwenye bomba zetu. Kwa macho ni pacha. NPT ina thredi 18 kwa inchi, pembe digrii 60. BSP ina 19, pembe digrii 55. Kipenyo cha nje cha NPT ya robo ni karibu mm 13.7, cha BSP mm 13.2. Kwa kuwa BSP ni nyembamba kidogo, inaingia kwenye tundu la NPT bila ubishi mizunguko kadhaa, halafu inakaza ghafla. Huo mkazo ndio unaodanganya. Si thredi kuziba, ni thredi kugongana.

Nipo ya shaba ilipotolewa mara ya mwisho na kufutwa, kila kitu kilikuwa wazi. Thredi za mwanzo nzima, zinazofuata zimelala upande mmoja na ncha zake zinang'aa kama zimepigwa msasa. Katikati kumebaki njia nyembamba inayozunguka kama ngazi ya mnara, na upepo unapanda humo taratibu. Ndiyo maana povu la sabuni lilikuwa linatokea sehemu moja tu ya ukingo wa nipo, likaonekana kama nipo yenyewe imepasuka. Nipo mbili nzima zimetupwa bure kwa kosa hilo.

Na thredi tepu ndiyo iliyorefusha mateso. Ukizungusha tepu nyingi, BSP ndani ya NPT inashika kweli: siku mbili, tatu. Gari likipita barabara ya vumbi yenye makorongo, tepu inahama na mvujo unarudi. Ukiongeza tepu na kukaza zaidi, unajitafutia kupasua tundu la mfuko, na hapo unanunua mfuko, si nipo. Isitoshe vipande vya tepu huingia kwenye laini na kukwama kwenye valvu, halafu unaanza kusaka mvujo mwingine. Kwenye upepo, tepu sitaki tena kuiona. Tumia gundi ya thredi ya kupaka, acha thredi mbili za mbele bila gundi, kaza kwa mkono mpaka mwisho kisha mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kwa spana. Iache siku nzima kabla ya kujaza.

Kupima bila geji ya thredi: kuhesabu hakusaidii, maana nipo ya robo ina milimita kumi na kitu tu za thredi. Chukua nipo unayojua ni NPT, zilaze mbili thredi kwa thredi, ziinue kwenye mwanga. Zikiwa sawa zinaumana na mwanga haupiti. Zikitofautiana, baada ya thredi nne au tano mwanga unachungulia. Angalizo: kwenye nusu inchi zote mbili zina thredi 14, kwa hiyo hapo mwanga hautakwambia kitu, shika vernia upime kipenyo. Nipo sahihi zilipatikana duka la spea za malori ya Kimarekani. Breki zao za upepo zinatumia NPT.

Mtego wa pili ni paipu. Robo inchi ni mm 6.35, na paipu ya mm 6 inaingia kwenye kiungo cha kuchomeka cha robo ukidhani imekubali. Itavuja. Na ukate kwa kikata paipu, si koleo. Koleo linaibonyeza iwe yai.

Kabla ya kulaumu tangi, kumbuka joto. Psi 150 mchana wa nyuzi 33, usiku ukishuka hadi 24, asubuhi utasoma karibu 145 bila tundu lolote.

Kitu kimoja nimekiacha nusu: valvu ya breki inayosoma mzigo. Kijiti chake kinafuata ekseli. Mifuko ikiinua nyuma wakati una mzigo, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma. Kwa sasa nyuma inaachwa ishuke sm 3 chini ya usawa. Breketi ya kijiti itarefushwa baadaye.

Ratiba ya makala hizi ilisema sasa ni zamu ya springi za koili za mbele. Imeahirishwa, kwa sababu tangi limeanza kunitia tamaa ya kujaza matairi. Tairi la 265/65R17 lina karibu lita 70; kulitoa psi 18 ya kuendeshea mchangani hadi 32 ni karibu lita 67 za upepo usiobanwa. Tangi likishuka kutoka 150 hadi 70 linatoa karibu lita 103, yaani tairi moja na nusu, kisha kompresa imalizie. Kiungo cha kutolea upepo kitakaa chini ya bampa ya nyuma, na valvu ya kuzuia shinikizo lisishuke chini ya psi 70 upande wa mifuko. Thredi ya kiungo hicho nimeshaipima mara mbili.