Moyo Wangu Bado Huruka Mapigo, na Nalala Usingizi

Moyo wangu huruka mapigo. Huruka nikiwa nashona, nikijilaza ubavu wa kushoto, na zaidi nikiwa nimeshiba sana. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye ameshapimwa, ameambiwa moyo wake ni mzima, na bado usiku hukaa kitandani ameshika mshipa wa mkono akihesabu. Nami nilikuwa hivyo kwa muda mrefu, hapa hapa Lamu.

Yalinianza baada ya kumzaa kitindamimba wangu. Mimi hushona kofia kwa mkono, kazi ya kukaa kimya kwa saa nyingi, na kofia moja yaweza kunichukua miezi. Katika kimya kile nilisikia moyo ukidunda vizuri, mara ukakatika, kisha paa! pigo moja zito lililonipanda mpaka kooni. Kama punda aliyejikwaa njiani kisha akajirudi. Mwaka huo huo jirani yetu alikuwa ameanguka harusini akafariki, mtu ambaye asubuhi tulisalimiana naye. Kwa hiyo kila moyo ulipokatika mimi nilimwona yeye.

Hospitali walinipima damu na ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo karatasini. Damu ilikuwa chini kidogo, jambo la kawaida kwa mwanamke aliyetoka kujifungua, nikapewa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa nisinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Tezi ya shingoni ilikuwa sawa, chumvi za damu sawa. Karatasi ya ECG ilionyesha moyo unaokwenda kwa utaratibu. Lakini ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10 tu, na katika sekunde zile moyo wangu ulitulia. Nilitoka na shaka kubwa kuliko niliyoingia nayo.

Nikavuka maji mpaka Mokowe, upande wa bara, nikapanda basi la Witu na Garsen mpaka Malindi, nikapigwa picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Vali zilikuwa nzima na misuli ya moyo ilikuwa na nguvu. Baadaye, Mombasa, nilifungwa mashine ya Holter, kimashine kinachoning'inia kiunoni na nyaya zake zimebandikwa kifuani, kikirekodi usiku na mchana kwa saa 24. Niliambiwa niandike saa kila ninaposikia kitu. Safari hii mapigo yalinaswa.

Daktari aliyenisomea majibu alikuwa na subira, Mungu amlipe. Aliniambia: "Mama, moyo wako hausimami. Hili ni pigo lililokuja mapema." Moyo una sehemu yake ya juu inayotoa amri ya kila pigo. Mara nyingine sehemu nyingine huwahi kutoa amri kabla ya zamu. Pigo hilo la mapema huwa hafifu, kwa sababu chumba cha moyo hakijajaa damu bado, na pengine hata mkononi halisikiki. Baada yake moyo hungoja kidogo, chumba kinajaa kuliko kawaida, na pigo linalofuata linatoka kwa nguvu. Ule mkatiko niliouogopa ulikuwa ni kungoja, na kishindo kilichonipanda kooni kilikuwa pigo zima la kawaida. Akanipigia hesabu: mapigo 75 kwa dakika ni zaidi ya 100,000 kwa siku, na yale ya mapema kwangu yalikuwa mamia machache. Akasema watu wengi wenye afya wakifungwa mashine ile hukutwa nayo, na wengi wao hawajui kabisa kama wanayo.

Nilirudi Lamu nikiwa mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka pigo zito lilipokuja tena.

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokwama. Nilikuwa najua kila kitu alichoniambia daktari, na mwili wangu haukujali ninachojua. Pigo likiruka, hofu inaingia, na hofu inamwaga adrenalini katika damu. Adrenalini huuongezea moyo mbio na kuyaita mapigo mengine ya mapema. Nami nikiyasikia hayo mengine, naogopa zaidi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa haubanduki kwenye mshipa wa kushoto. Nilinunua kile kimashine cha kubana kidoleni nikakiweka chini ya mto. Usiku nilimwamsha baba watoto: "Hebu nishike hapa, wasikia?" Naye masikini anaamka, anashika, anasema uko sawa, na baada ya muda namwamsha tena.

Mamangu alinisomea. Kila baada ya Isha alikuja, akaweka mkono kifuani pangu, akasoma, akanipulizia maji nikanywa. Sikuyaacha hayo na sitayaacha, nilipata utulivu ndani yake. Lakini mama mwenyewe ndiye aliyenikabili siku moja: "Mwanangu, daktari ameutazama moyo wako ndani na nje. Wewe kwa kidole chako waona nini asichokiona yeye?" Sikuwa na jibu.

Muuguzi mmoja wa afya ya akili ndiye aliyenifungulia mlango. Alisema kila ninapopima na kujikuta mzima, akili yangu haijifunzi kwamba niko salama. Inajifunza kwamba nimepona kwa sababu nilipima. Kwa hiyo kesho itadai nipime tena, na mapema zaidi. Dawa yake ilikuwa kuchelewesha: hamu ya kushika mshipa ikija, nisiikatae na nisiitii, niseme tu baada ya kumaliza duara hili la kofia. Mwanzo duara moja lilikuwa adhabu, nilitokwa jasho. Mara nyingi, duara lilipokwisha, hamu ilikuwa imeshapungua yenyewe bila mimi kupima. Kimashine cha kidoleni nilimpa kakangu apeleke kwake Mokowe. Baba watoto nilimwomba asinijibu tena nikimuuliza kama niko mzima, na hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kwangu. Badala ya kunijibu alinishika mkono tu akasema, "Tulale."

La pili lilikuwa ngazi. Nyumba zetu za kale zina ngazi zilizosimama wima, na mimi nilikuwa nimeacha kupanda darini kwa kuogopa moyo kwenda mbio. Nguo zilianikwa na wanangu. Daktari alikuwa amenipa ruhusa ya mazoezi, kwa hiyo nikaanza: nusu ya ngazi, nasimama, nauacha moyo udunde bila kuushika, naendelea. Baadaye nikaanza kutembea na dadangu kwenda Shela kando ya bahari asubuhi, maji yakiwa yamepwa, yapata kilomita 3. Nilishangaa kugundua kwamba nikitembea kwa kasi mapigo yale hupotea. Huja nikipumzika, moyo unapokwenda pole. Kulijua hilo kwa miguu yangu kulinisaidia kuliko kuambiwa.

Kahawa sikuiacha, nimeipunguza. Kahawa chungu ya dele baada ya tarawehe, usingizi wa kuibia mpaka daku, kisha kutwa bila maji: Ramadhani moyo wangu huruka sana, na sasa najua kwa nini, kwa hiyo maji nayanywa kwa wingi kati ya futari na daku. Wanaotafuna miraa nao wajue kwamba huusukuma moyo kwa namna ile ile ya adrenalini.

Pumzi nazo zina kazi. Navuta kwa pua polepole, natoa kwa muda mrefu zaidi ya nilivyovuta, na juu ya ile ya kutoa napitisha dhikri. Sifanyi ili pigo liondoke. Nikifanya kwa kulifukuza, naanza tena kulingojea.

Hata hivyo, yote haya ni kwa aliyepimwa. Ukizimia au ukikaribia kuzimia, kifua kikibana au pumzi zikikatika, mapigo yakija ukiwa katika kazi nzito badala ya ukiwa umepumzika, moyo ukienda mbio ghafla na usitulie, au kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, usisome habari zangu, nenda hospitali leo. Mweleze daktari yanakuja saa ngapi, unafanya nini wakati huo, na yanadumu kiasi gani. ECG isipoonyesha kitu, omba kufungwa mashine ya saa 24, hata kama itabidi uvuke maji na kupanda basi. Majibu yakitoka, muulize maswali yako yote pale pale, na uandike anachokujibu.