Nilivyochagua risasi ya bunduki yangu ya kuwindia: njia ya risasi angani ina umuhimu kiasi gani?

Nilipokuwa natafuta bunduki ya kuwindia, nilikuwa na kibali cha bunduki moja tu, na nilitaka hiyo moja initoshe kwa wanyama wa umbo la kati: swala, kulungu, nguruwe pori. Kila niliyemwuliza alikuwa na risasi yake anayoipenda, na karibu wote waliisifia kwa jambo lile lile: inakwenda imenyooka, haishuki. Ukiwasikiliza utadhani hakuna kingine cha kuangalia. Niliamua kwamba kabla sijalipia huko kunyooka kwa mfuko wangu na kwa bega langu, nijue kwanza kunanipa nini hasa huko porini.

Nilianzia kwenye msingi, na nashauri kila mtu aanzie hapo. Hakuna risasi inayokwenda moja kwa moja. Ikishatoka tu kwenye mdomo wa mtutu inaanza kuanguka, na mvuto wa dunia hauipendelei ya kasi wala kuionea ya polepole. Tofauti yao ni muda wa kukaa angani: ya kasi hufika mapema, kwa hiyo hupata muda mfupi zaidi wa kuanguka. Ndiyo maana mtutu huelekezwa juu kidogo kuliko mstari wa darubini. Risasi huanza safari ikiwa sentimita 4 hivi chini ya mstari wa jicho, huukata mstari huo, hupanda juu yake kidogo, kisha hushuka na kuukata tena pale uliporekebishia darubini. Ukiielewa picha hiyo, majedwali yote ya kwenye maboksi ya risasi hayatakutisha.

Mwishoni nilibaki na mbili za kuchagua. Ya kwanza .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na wawindaji wakaichukua duniani kote. Ya pili .300 Winchester Magnum, iliyotoka mwaka 1963 na inayosifiwa kwa kwenda mbali. Nilizilinganisha kwa haki: kichwa cha risasi kile kile, chenye uzito wa greni 180, yaani karibu gramu 11.7, chenye umbo lile lile. Kwenye .30-06 hutoka kwa mita 823 hivi kwa sekunde, na kwenye .300 kwa mita 900 hivi. Nikaingiza takwimu kwenye programu ya simu ya kukokotoa mwendo wa risasi, zote mbili zikiwa zimerekebishwa kupiga katikati kwa mita 200.

Majibu yalinishangaza. Kwa mita 300, .30-06 inakuwa imeshuka sentimita 27 hivi chini ya unapolenga; .300 imeshuka kama 22. Sentimita 5 tu! Ni kwa mita 400 ndipo pengo linapoonekana, kwa sababu ya kwanza iko chini kwa sentimita 78 na ya pili 63 au 64. Lakini angalia vizuri: hata hiyo ya kasi, kwa mita 400 huwezi kulenga kifua cha mnyama ukategemea kupiga kifua. Zote mbili zinakulazimisha ujue umbali na ufanye marekebisho. Ukishajua umbali, kurekebisha sentimita 78 si kazi ngumu kuliko kurekebisha 64.

Nikapima kwa njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo ya maana zaidi kwa mwindaji. Chukua duara la sentimita 15, ambalo ni kadirio la tahadhari la eneo la moyo na mapafu la swala wa kati. Jiulize: kuanzia mguuni pangu hadi wapi naweza kulenga katikati ya duara hilo bila kuwaza kupandisha wala kushusha, na risasi isitoke nje yake? Kwa .30-06 jibu lilikuwa karibu mita 240. Kwa .300, ikirekebishwa kwa mita 220 hivi ili itumie nafasi yake yote, lilikuwa karibu mita 260. Basi kasi yote ile ya ziada ilikuwa inaninunulia mita 20, na kwa mita hizo ningebeba baruti karibu robo zaidi kwa kila risasi, mlio mkali zaidi, na teke ambalo bega linalihisi tangu risasi ya kwanza.

Hizo sentimita 5 nilizipima pia kando ya mambo mengine yanayoipeleka risasi pabaya. La kwanza ni kukosea umbali. Mnyama aliye mita 340 ukimdhania yuko 300, kwa .30-06 risasi itapita sentimita 17 chini ya ulipotarajia. Na mita 40 si kosa kubwa kwa jicho, hasa bonde likiwa katikati yenu au mnyama akisimama kivulini. Kipima masafa cha leza kinaliondoa tatizo hilo kwa kubonyeza kitufe mara moja, wakati risasi ya kasi zaidi inalipunguza kidogo tu. Kama fedha inatosha kitu kimoja, kati ya kupanda daraja la risasi na kununua kipima masafa, ningenunua kipima masafa bila kusita. Na kwenye mlima, chenye uwezo wa kupima mwinamo ni bora zaidi, maana kinachohesabika katika kuanguka kwa risasi ni umbali wa mlalo: mnyama aliye mita 300 kwenye mteremko wa nyuzi 30 unampiga kama aliye mita 260.

La pili ni upepo, na hapa nasema kwa mkazo kwa sababu watu hawaupi heshima yake. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata njia ya risasi kutoka ubavuni, kwa mita 300 unaisogeza .30-06 sentimita 22 hivi. Ya .300 inasogea kama 19. Kuanguka unaweza kukuandika kwenye karatasi ukiwa nyumbani, kwa sababu mvuto haubadiliki. Upepo hauandikiki. Huku ulipo majani yametulia, kule alipo mnyama yanacheza, na katikati ya bonde hakuna cha kukuonyesha kitu. Kwa hiyo mtu anayeniambia risasi yake imenyooka hadi mita 400, huwa namwuliza upepo anaukadiriaje.

Karatasi zikaisha, nikaenda uwanja wa shabaha. Nilichora kwa kalamu nene miduara ya sentimita 15 kwenye makatoni na kuyasimamisha kwa mita 100, 150, 200, 250 na 300. Meza na mfuko wa mchanga nilivitumia kurekebishia darubini tu. Mengine yote nilipiga kama unavyopiga porini: nimekaa viwiko vikiwa magotini, nimepiga goti, nimesimama na bunduki juu ya fimbo tatu. Jirani yangu, mwindaji wa siku nyingi, aliniazima .300 yake ili nizilinganishe, na yeye ndiye aliyenifanyia jaribio lililoamua mambo. Alinijazia bunduki yeye mwenyewe, akichanganya risasi hai na za bandia, bila kuniambia ipi iko chemba. Nilipovuta triga kwenye risasi ya bandia ya .300, bunduki ililia "ta!" kavu, na mdomo wa mtutu ukazama chini waziwazi. Bega lilikuwa limejikaza kulisubiri teke ambalo halikuja. Kwa .30-06 jaribio lile lile liliacha mtutu umetulia, au ukatikisika kidogo sana. Kwenye makatoni matokeo yalifuata mkondo huo huo: matundu ya .30-06 yalikaa karibu karibu, ya .300 yakatawanyika kwa upana unaozidi hizo sentimita 5 ilizokuwa inanipa kwa mita 300.

Makatoni hayo yalinionyesha pia mpaka wangu. Kwa fimbo tatu, duara nililipata kwa uhakika hadi mita 200. Kwa kukaa, kidogo chini ya hapo. Kwa kulalia begi, mita 250 zilikubali. Mita 300 nilipiga vizuri mezani tu. Sasa risasi ambayo faida yake inaanza kuonekana baada ya mita 300 ingenisaidia nini mimi? Nasema mimi kwa sababu wapo wanaopiga vizuri mbali, wenye mazoezi ya miaka na mabega yanayovumilia, na wanaowinda milimani ambako kuvuka bonde ili kumsogelea mnyama ni kumpoteza. Kwao hizo sentimita 15 za mita 400 zina thamani halisi, na .300 au 7mm Remington Magnum, nyingine ya kasi, ni uchaguzi wa busara.

Nisieleweke kwamba njia ya risasi haina maana kabisa. Ina maana kubwa unapolinganisha vizazi tofauti. Chukua .30-30 ya mwaka 1895, yenye kichwa kilichobapa mbele: ukiirekebisha kwa mita 100, hadi kufika mita 200 imeshashuka zaidi ya sentimita 20. Ni risasi nzuri ya msituni, lakini kwenye mbuga iliyo wazi itakubana. Hata .30-06 yenyewe ilizaliwa kutokana na suala hili. Iliyoitangulia, ya mwaka 1903, ilibeba kichwa kizito cha mviringo cha greni 220 kwa mita 700 hivi kwa sekunde. Miaka mitatu baadaye wakaweka kichwa chenye ncha cha greni 150 kwa mita 820 hivi. Ile ilikuwa hatua kubwa kweli kweli, na nyingi zilizokuja baadaye ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Umbo la kichwa nalo usilisahau: risasi mbili za ganda moja, moja ya ncha kali na nyingine ya mviringo, zinaweza kupishana zaidi kwa mita 300 kuliko zinavyopishana risasi mbili za majina tofauti.

Na risasi ikishafika, bado ina kazi ya kufanya. Vichwa vingi vya kuwindia vinatengenezwa vifunguke ndani ya mnyama, na vingi vinahitaji kumpata vikiwa bado na kasi ya mita 550 hivi kwa sekunde. .30-06 kwa mita 400 imebakiwa na kama 570, yaani iko ukingoni. Upande wa pili, kwa mita 50 ile ya .300 bado ina kasi inayozidi mita 850, na kichwa laini cha risasi ya kawaida kikikutana na mfupa wa bega kwa kasi hiyo kinaweza kuvunjika vipande kabla hakijafika kwenye mapafu. Ndiyo maana wengi wenye magnum, yaani risasi za baruti nyingi kama hiyo, huchagua vichwa vya shaba tupu au vile ambavyo madini ya ndani yameunganishwa imara na gamba la nje. Kwa nyati na wakubwa wengine, suala la kunyooka hata haliingii kwenye mazungumzo. .375 H&H ya mwaka 1912 hupeleka kichwa cha greni 300 kwa mita 770 hivi kwa sekunde, na anayeibeba anatafuta uzito na kupenya kwa mita chache, pamoja na kutimiza sheria, kwa kuwa nchi nyingi zinaweka kiwango cha chini cha kaliba, yaani unene wa risasi, kwa wanyama hatari.

Nilinunua .30-06. Nikairekebisha kwa mita 200, halafu nikahakikisha kwenye karatasi badala ya kuiamini boksi, kwa sababu kasi inayoandikwa kiwandani mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, na wangu ni wa 22. Inchi hizo mbili hula karibu mita 15 kwa sekunde. Ndani ya kitako nimebandika karatasi yenye mistari michache: mita 100, juu sentimita 6.5, mita 200, sifuri, mita 250, chini 10.5, mita 300, chini 27. Huo mstari wa mwisho nauweka kwa ajili ya mnyama aliyekwisha kujeruhiwa anayekimbia kwenda mbali, kwa sababu huyo lazima apigwe tena. Mnyama mzima aliye zaidi ya mita 250 namsogelea, au namwacha.

Nimeshakaa nayo misimu kadhaa, na wanyama wengi niliowapata walikuwa chini ya mita 180, umbali ambao risasi zote mbili zingepiga pale pale. Fedha niliyookoa kwenye bei ya risasi naitumia kununua risasi nyingine za mazoezi. Nikibadilisha aina ya risasi, hata kama uzito ulioandikwa ni ule ule, narudi kwanza uwanja wa shabaha na kuandika karatasi ya kitako upya.