Sonona inayorudi: miezi ya nafuu ndiyo ya kuchungwa

Jumapili jioni. Kinachonikaa moyoni wiki hii ni jinsi sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inavyowarudia wanaume wakati wameshapata nafuu. Usingizi umekaa sawa, chakula kina ladha, kazi inakwenda. Hapo ndipo mtu anaziacha dawa, wala hamwambii yeyote.

Fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, kwa kawaida miligramu 20 asubuhi, huchukua wiki 2 hadi 6 kabla ya kuonyesha faida. Kichefuchefu na wasiwasi hutangulia, kwa hiyo wengi hukata tamaa mapema. Ukishapona, unaendelea na kipimo kilekile kwa angalau miezi 6 hadi 12. Kama umeugua zaidi ya mara moja, mara nyingi daktari hushauri miaka 2 au zaidi.

Kuna sababu ya kuacha dawa ambayo wanaume hawaisemi: chumbani. Hamu hupungua, au kufika kileleni kunachelewa. Mwambie daktari hivyohivyo ilivyo. Amelisikia mara nyingi, na anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Ukikatisha ghafla, hasa dawa za sonona kama sertralini au paroksetini, ndani ya siku chache unaweza kupata kizunguzungu, ndoto nzito na mishtuko kichwani kama ya shoti ya umeme. Wengi hudhani ugonjwa umerudi. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hurudi polepole, kwa wiki au miezi. Dawa hupunguzwa hatua kwa hatua, na daktari akijua.

Jambo jingine la kumweleza: kama uliwahi kuwa na siku za nguvu nyingi, usingizi mchache na matumizi ya fedha ya ovyo, sema. Huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa ya sonona peke yake inaweza kukurudisha vibaya kwenye siku kama hizo.

Kwa wanaume machozi mara nyingi huchelewa. Hutangulia hasira kwa mambo madogo, bia zinazoongezeka, mgongo unaouma ilhali vipimo ni safi, simu zisizopokelewa, kuamka saa tisa usiku na usingizi ukagoma. Ukiwa mzima, andika dalili zako tatu. Mpe mkeo, kaka yako au rafiki mmoja, mkubaliane kabisa: zikionekana mbili kwa wiki 2, mnakwenda kliniki pamoja. Makubaliano yafanyike mapema, kwa sababu ukishazama utamwambia umechoka tu na kazi.

Pombe nayo isemwe wazi. Inaleta usingizi saa nne, inauvunja alfajiri, na kesho yake moyo uko chini zaidi.

Siku nzito, usisubiri hamu ije. Amka saa ileile, oga, toka juani, tembea dakika 10. Kikibaki kidogo cha nguvu, fanya kazi moja tu.

Dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27. Lijaze kila mwezi. Ukifika 10, kamwone mhudumu wa afya. Swali la mwisho linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukijibu chochote kilicho juu ya sifuri, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako, na dawa za nyumbani azishike mtu mwingine. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Hofu ya kushtakiwa isikufunge mdomo: kwa daktari, sema lote.