Mwarobaini, sahani ya saba: kikaratasi cha spiriti tupu kimekubali

Leo asubuhi nimefunua sahani ya saba, wallahi nikakaa chini pale jikoni nikaitazama tu. Najaribu kama majani yanazuia hamira kuota: hamira naipaka kwenye sahani ya jeli ya chaina grasi, juu yake naweka vikaratasi vilivyotiwa dawa ya majani yaliyolowekwa, na pale hamira isipoota panabaki duara tupu. Kikaratasi cha spiriti tupu, kisicho na jani, hakina duara. Hamira imeota mpaka ikakigusa ukingoni pote.

Sahani sita zilizopita nilikuwa naona duara safi kuzunguka dawa ya mwarobaini, nafurahi, halafu nikigeuza macho kwa kile cha spiriti tupu nacho kina duara hilohilo! Yaani wiki zote hizo napima spiriti, sipimi jani. Iliniuma sana. Nikachuma majani mengine, nikayaanika kivulini siku tano, nikayatwanga upya, hata chaina grasi nikanunua nyingine (hii hii ya faluda, inaganda vizuri tu, msidanganywe mnunue ya bei). Wapi, duara liko palepale.

Kumbe ni kukausha. Nilikuwa natia matone matano kwa mpigo nangoja dakika kumi, ukikigusa kikaratasi kikavu, lakini siku moja nikakinusa, spiriti imo ndani inanukia waziwazi. Na Malindi hii wakati wa kusi hata kanga haikauki uani. Sasa natia tone moja, feni, nangoja mpaka harufu iishe, ndio la pili, mpaka matano, na kile kitupu nakifanyia vilevile tone kwa tone. Kisha vinalala kwenye mkebe wenye mchele uliokaangwa mkavu, wazo nimelitoa kwenye kikopo chetu cha chumvi.

Matone napima kwa sindano ya insulini, ile ya yuniti 100 kwa mililita, yuniti moja ni maikrolita 10 kamili. Tone la dropa leo kubwa kesho dogo, mimi nimeitupa. Na presha kuka ya kuulia vijidudu jamani msiibanie, inaweza kufika nyuzi 121 hivi, sufuria ya kawaida inaishia 100 na sahani mbili nilizoanzia, ambazo sizihesabu kwenye hizi saba, ziliota ukungu mweusi kabla hata sijaweka kitu.

Matokeo: mwarobaini wa spiriti, duara la milimita 3 kutoka ukingo wa kikaratasi. Mwarobaini wa maji, hakuna kitu. Ni madogo, na hii ni hamira tu, sijasema inatibu mtu, ila hizo milimita 3 ni za jani lenyewe na nimezipima mara nne kwa rula.

Zamu ilikuwa ya mpera kisha mlonge, majani yako kapuni tayari. Lakini jana jioni bibi amekaa barazani anachonga mswaki wake wa mti, vile vipande vya maganda vinaanguka miguuni, harufu kali ile, nikamwambia bibi usivifagie. Viko kwenye chupa na spiriti tangu jana, spiriti imeanza kuwa ya manjano. Mpera utangoja.